Utani wa nani na nani?

"Kucheka nimecheka, mwanangu. Sasa na nauli yangu, nani kacheka nayo?"

Mama mkubwa aliyasema hayo akiwa mlangoni, hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri, dumu la lita tano mkononi, kavu kabisa. Duka moja la Mwanga, Kigoma (silitaji) lilizungusha gari la matangazo Ujiji nzima: mwenye dumu lake aje tarehe mosi Aprili, saa mbili asubuhi, anajaziwa mawese bure. Kufika, mlango umefungwa, karatasi imebandikwa: Sikukuu ya Wajinga. Nikamwambia, "Si utani tu huo, mama mkubwa." Akanitazama. "Utani wa nani na nani?"

Wiki hii mahari ya Zuhura imepokelewa na babu karudi salama kutoka Tabora, lakini mimi bado nasikia "wa nani na nani". Utani wetu una wenyewe. Mtani unamjua, na ukimchokoza leo kesho atakulipizia msibani mbele za watu. Huyo mwenye duka mama mkubwa atamlipizia wapi?

Mnaijua kazi yangu, matangazo ndiyo yanayoniweka mjini, kwa hiyo utani wa Aprili mosi wa redio na makampuni nautazama kwa jicho la fundi. Na jambo la kwanza fundi anajiuliza ni hili: anayetaniwa akiamini, atapoteza nini? Mwaka 1976, Patrick Moore, mtaalamu wa nyota, aliwaambia wasikilizaji wa redio ya BBC kwamba saa 3:47 asubuhi Pluto itapita nyuma ya sayari ya Mshtarii, mvutano wa dunia upungue kidogo, na atakayeruka juu dakika ileile atajihisi anaelea. Watu wakaruka. Wengine wakapiga simu kusema wameelea kweli! Gharama yake ni kuruka mara moja sebuleni, basi.

Sweden mwaka 1962 kulikuwa na chaneli moja tu ya televisheni, ya rangi nyeusi na nyeupe. Mtaalamu wao, Kjell Stensson, akaeleza kwa sura ya kazi kwamba ukikata soksi ndefu ya nailoni ukaivuta juu ya kioo cha televisheni, picha inageuka ya rangi. Akaongeza kwamba lazima ukae umbali unaofaa na usogeze kichwa mbele na nyuma. Hapo kwenye kichwa ndipo ninapomvulia kofia. Ukimpa mtu kitu cha kufanya kwa mikono yake, na sharti dogo lililo rahisi kulikosea, picha isipobadilika atajilaumu mwenyewe kwamba hajakaa vizuri. Matangazo ya kawaida ya rangi yalianza kwao tarehe mosi Aprili 1970.

Lakini kazi ya kikubwa ni ile ya BBC ya 1957. Kipindi cha Panorama kilionyesha, kwa dakika kama tatu, familia ya Ticino, Uswisi, ikichuma spageti mitini, eti mavuno ni mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali na wadudu waharibifu wametoweka. Bajeti ilikuwa pauni 100. Mpiga picha Charles de Jaeger alihangaika na tambi zenyewe: zikiachwa matawini zinakauka na kukataa kuning'inia, zikichemshwa zinateleza na kudondoka chini. Mwishowe akazilaza mbichi katikati ya vitambaa vyenye unyevunyevu mpaka dakika ya kuzitundika. Msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, sauti ambayo Waingereza walizoea kuisikia kwenye shughuli nzito za taifa. Na wengi wao spageti waliijua ya kopo tu, imelala kwenye mchuzi wa nyanya, kwa hiyo nani abishe kuhusu mti? Waliopiga simu kuuliza namna ya kuupanda waliambiwa wachomeke kijiti cha spageti kwenye kopo la mchuzi wa nyanya, waombe heri. Nimecheka peke yangu hapa mpaka jirani kagonga ukuta.

Biashara nazo zimo. Mwaka 1998 Burger King walilipia ukurasa mzima gazetini kutangaza baga ya watu wa mkono wa kushoto: vitu vilevile, ila vimezungushwa nyuzi 180. Wateja wakaenda kuiagiza, na baga wakala. Hakuna aliyerudi na dumu tupu.

Zinazoharibika huharibika kwa sababu za kizembe. Google mwaka 2016 waliweka kitufe cha utani, kinachobandika kikatuni na kukufichia majibu, pembeni ya kitufe halisi cha kutuma barua pepe. Watu wakakibonyeza kwenye barua za kazi, na kikaondolewa ndani ya saa chache. Volkswagen mwaka 2021 walitangaza kule Marekani kwamba wanabadili jina kuwa Voltswagen ("volt" ya umeme, kwa ajili ya magari ya umeme), siku kadhaa kabla ya tarehe yenyewe, na waandishi walipouliza waziwazi wakahakikishiwa ni kweli. Kwa Waingereza utani huisha saa sita mchana, na ukiulizwa ana kwa ana unakiri. Na wa kwetu mnaotengeneza mabango ya WhatsApp, someni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: taarifa ya uongo kwa nia ya kupotosha umma ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

Ila kinachonikosesha usingizi sasa ni samaki. Harusi ya Zuhura imepangwa Juni. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa, uvuvi ukasimama, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na likifungwa tena tarehe hizohizo, migebuka mibichi ya watu wote hao tutaitoa wapi? Dagaa wakavu wapo, lakini wakwe wanatoka Kasulu na wameshasema wazi wanachokifuata Kigoma. Friza tunayo moja, na umeme mnaujua wenyewe.