Siku moja maishani mwangu: maabara ya porfiria, Cape Town

Saa moja na nusu asubuhi. Chupa ya mkojo imenitangulia maabara, imeviringishwa karatasi ya alumini tangu wodini. Manesi wa wodi hiyo nawashukuru kila mara. Mkojo wa mgonjwa aliyebanwa na porfiria ukikaa kwenye mwanga hubadilika rangi na kuelekea wekundu wa kahawia, na kile ninachokitafuta ndani yake huanza kupotea.

Kwa ambao hawajakutana na ugonjwa huu: mwili hutengeneza hemu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni, kwa hatua nane, kila hatua na kimeng'enya chake. Kimoja kikilegea, malighafi hurundikana kabla ya hatua hiyo. Zikijaa zile za mwanzo, yaani ALA na PBG, mtu hupata maumivu makali ya tumbo, moyo huenda mbio, sodiamu ya damu hushuka, na wengine hupooza. Zikijaa porfirini, yaani malighafi za hatua za baadaye, ngozi hutoka malengelenge juani. Porfiria variegata, iliyonileta Afrika Kusini, inaweza kuleta yote mawili.

Saa mbili na robo. Natia kitendanishi cha Ehrlich, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na PBG. Rangi ya waridi inapanda taratibu, kisha inakolea mpaka wekundu wa zambarau. Siandiki jibu bado, kwa sababu urobilinojeni, kitu kingine kinachopatikana kwenye mkojo, nayo hutoa rangi inayofanana. Napitisha mkojo kwenye safu ya resini, PBG inabaki peke yake, napima upya. Iko juu sana.

Saa tatu na nusu napiga simu wodini. Mgonjwa ni msichana mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, na walishaanza kumwandaa kwa upasuaji. Namwomba daktari anisomee dawa zote alizopewa tangu afike, moja moja. Zile zinazoweza kuchochea porfiria zinaondolewa, anawekewa glukosi, na hemu ya kuchoma kwenye mshipa inaagizwa.

Saa tano na nusu, plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu yake. Tunaimulika kwa mwanga wa nanomita 405 hivi, na mng'ao unarudi na kilele karibu na 626. Hiyo ndiyo alama ya variegata.

Saa nane mchana ni muda wangu wa kusoma, na leo nimerudi kwa Geoffrey Dean. Daktari huyu kutoka Uingereza alihamia Port Elizabeth mwaka 1947. Alipoona wagonjwa wake wa porfiria wana ndugu wenye ngozi ileile ya mikono inayochubuka upesi, alizifuata familia, akaandika barua, akachora ukoo kizazi baada ya kizazi mpaka akafika kwa Gerrit Jansz na Ariaantje Jacobs, Waholanzi waliooana hapa Cape mwaka 1688. Mwaka 1996 Peter Meissner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walionyesha badiliko lenyewe la jeni, linaloitwa R59W, kwenye kimeng'enya cha saba.

Kinachonishika zaidi katika kazi ya Dean ni hoja yake kuhusu dawa. Wazee wa koo hizo waliishi miaka mingi na kuzaa watoto wengi. Vifo viliongezeka zilipoingia dawa za salfa na barbiturati, jamii ya dawa za usingizi. Mimi naisoma nikiwaza nyumbani, ambako Septrin, yenye salfa ndani yake, inauzwa kila duka la dawa na fenobabitoni, ambayo ni barbiturati, bado ni dawa ya kifafa.

Saa kumi kasoro, ujumbe kutoka Mwanza, wa daktari kijana aliyenifuata chuoni. "Shikamoo dada. Nina mama, tumbo linamuuma sana, mkojo mwekundu, utrasaundi safi." Marahaba mdogo wangu. Namuuliza kwanza kama mama anatumia rifampisini, maana dawa hiyo ya kifua kikuu hupaka mkojo rangi hata kwa mtu asiye na porfiria. Hatumii. Basi akusanye mkojo sasa hivi, wakati maumivu yapo, aufunike, auweke kwenye baridi, aulizie PBG hospitali ya rufaa. Na dawa yoyote ya salfa aisimamishe leo.

Saa kumi na moja tunaandaa barua za ndugu wa yule msichana, kwa idhini yake. Kila ndugu wa tumbo moja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kubeba jeni hiyo. Wengi watakaokutwa nayo hawataugua kamwe, ila daktari wao anapaswa kujua kabla ya kuwapa nusukaputi.

Dada yake amepangiwa upasuaji wa nyongo wiki ijayo. Huyo hatumngojeshi barua. Nimempata kwenye simu daktari wake wa usingizi, amekubali kuweka kando thiopentoni, barbiturati ya nusukaputi, na damu ya dada inachukuliwa kesho asubuhi.