Chini ya Mretemu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome 1 Wafalme 19:4-8.

Nabii Eliya, yule yule aliyeomba moto ukashuka mlimani Karmeli, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, na kuomba afe. "Yatosha," anasema, kisha analala. Malaika anapofika hamkemei wala hamkumbushi ushindi wa juzi. Anamgusa, anamwambia ainuke ale. Pana mkate wa makaa na maji kichwani pake. Eliya anakula, anajilaza tena. Nimeisoma sura hii miaka mingi bila kuona kwamba aliachwa alale mara mbili.

Majuzi nilimsindikiza dada yetu mmoja wa Githurai kwenye kemo, yaani tiba ya dawa za saratani. Kabla ya dripu, muuguzi alimpa karatasi yenye mchoro wa kipimajoto, 0 hadi 10, azungushie dhiki aliyokuwa nayo wiki hiyo. Kuanzia 4 kwenda juu, huwa wanataka kujua zaidi. Akazungushia 8. Nilishtuka, Jumapili alikuwa ameimba nasi na kushuhudia kwamba yu salama.

Chini ya mchoro kuna orodha ya mambo yanayomlemea mgonjwa. Nilingoja atie alama penye imani, maana hapo ndipo sisi tungeanzia. Akatia kwenye usingizi, watoto na nauli. Penye imani akapapita.

"Mbona hukutuambia?"

"Nilikuandikia usiku kwamba silali," akasema akikaza kilemba, "ukanijibu na Zaburi ya 121."

Ile ya Yeye asiyesinzia wala kulala! Tulicheka sote wawili, ila changu kilikuwa kicheko cha aibu.

Muuguzi akampeleka kwa mshauri nasaha, akakaa huko karibu saa nzima. Najua kuna wanaonong'ona kanisani kwamba huko huenda waliopungukiwa imani, au wenye kichaa. Jamani! Saratani haiuachi moyo salama huku ikiutesa mwili. Hofu na sonona humkosesha mtu usingizi na hamu ya kula, wengine hata kliniki hukosa nguvu ya kurudi. Hapa Nairobi kuna watu wanaoifanya kazi hii kwa utulivu: Nairobi Hospice tangu 1990, wakihudumia maumivu pamoja na moyo wa mgonjwa na jamaa zake. Simwoni malaika wa Eliya akigombana nao.

Maombi tutaendelea nayo, na Zaburi naipenda bado. Lakini dada yetu anarudi kwa dripu Jumanne. Nauli ya kwenda na kurudi imeshachangwa. Watoto watatoka shule wapitie kwangu. Anayepika uji, uwe wa wimbi, upoe kidogo, usitiwe ndimu, maana mdomo una vidonda. Na ukimkuta amelala, acha chupa kwa jirani uende zako.