Ndala ya kushoto

Jumamosi nilikuwa natafuta spana namba 15 ya kufungulia pedali, nikamwaga boksi lote la vifaa sakafuni. Binti yangu akaokota ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto. Akaivaa, ikawa kama amepanda mtumbwi.

"Mama, hii ya nani?"

Ya bibi mmoja.

"Sasa yeye anavaa nini?"

Nikamwambia aende akaoge.

Ile safari ya baiskeli kwenye milima ya Usambara mmeshanisikia nikijisifia: siku nne, Mombo, Soni, Lushoto, Rangwi, Mtae, mimi na Bonge na Shemeji. Wengi hudhani kazi ni ile lami ya kupanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Lami ni lami bwana. Ukichoka unakokota, unanunua mapeasi njiani, unaendelea. Siku iliyonitoa jasho la meno ni ya tatu, Rangwi kwenda Mtae. Mvua ilipiga mabati ya nyumba ya masista usiku kucha, asubuhi udongo ukawa ugali. Unajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu linagoma, unachokonoa kwa kijiti, unakokota hatua ishirini, unachokonoa tena. Saa nne nililia. Saa tano alilia Shemeji, ingawa mpaka leo anasema yalikuwa mafua.

Saa saba tairi langu la nyuma likapasuka ubavuni. Baiskeli ilikuwa ya kukodi, na mwenyewe aliapa matairi ni mapya. Kumbe vipara vilivyong'arishwa kwa dawa ya viatu. Pancha tu isingetusumbua, viraka tulikuwa navyo. Huu ulikuwa mpasuko wa urefu wa kidole gumba: ukijaza upepo, tyubu inatokeza kama jipu. Bonge akaweka ndani karatasi ya biskuti, akapampu. Paa! Ikabaki tyubu moja.

Ndipo mzigo wa majani ya ng'ombe ukashuka mlimani ukiwa na miguu miwili. Miguu mitupu, maana matope yakizidi kule watu huvua ndala na kuzishika mkononi zisikatike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekwama?"

Aliutua mzigo mwenyewe, Bonge hata hajamfikia. Akapitisha kidole kwenye mpasuko, akakichezesha upande wa pili. Kisha akatutazama miguuni, mmoja mmoja. Wote viatu vya kamba.

"Hakuna mwenye ndala?"

Akachomoa mundu kwenye kamba ya majani. Akachukua ndala yake ya kulia, akaipindua. Kisigino kilikuwa kimelika mpaka unaona mwanga, hicho akakiacha. Akabonyeza mbele, penye vidole, palipobaki unene. Akailaza gotini na kuuvuta mundu taratibu kuja kwake, midomo ameibana, mpira unalia kwi, kwi. Mimi nimechuchumaa mbele yake, natazama ule mkato unavyoingia, na sikusema kitu. Nilikuwa nawaza tairi. Kikatoka kipande kama kiberiti. Akakichonga kingo ziwe nyembamba, "zisije zikaing'ata tyubu," akakilaza ndani. Bonge akapampu. Likakaa.

Bonge akampa noti. Bibi akaigeuza mbele na nyuma.

"Chenji sina, mwanangu."

Tukamwambia hapana bibi, yote yako. Akafikiri kidogo. Akaokota ile ya kushoto, nzima, akanipa.

"Basi na hii yenu."

Nikakataa, akaiweka juu ya begi langu. Tukamtwisha majani, watu wawili kwa shida, akaenda zake. Ile nusu ya kulia alibaki nayo mkononi, sijui ya nini.

Mtae tuliingia usiku, ukungu mtupu. Asubuhi ukafunguka, nyika ya Mkomazi ikaonekana yote kule chini, tukapiga zile picha mnazozijua. Kipande kilibeba mpaka Mombo.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye harusi, kwenye daladala, hata msibani mara moja. Watu hucheka pale pa chenji, na mimi huwa nasubiri pale wacheke. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la Jumamosi.

Usiku nikampigia Bonge. Nikamwuliza, ile elfu mbili ilitosha ndala pea nzima wakati ule? Akasema elfu mbili gani, alimpa elfu tano, tena ndiyo iliyokuwa imebaki mfukoni. Tukabishana mpaka salio langu likaisha. Yeye anasema kwenye noti kulikuwa na kifaru.

Mimi nilimwona simba.