Siku tatu na can0, kumbe kosa ni namba ya kristali

Kuna bosi mmoja hapa Dom ana kichwa cha semi, kinabeba mahindi kutoka Kibaigwa kupeleka Dar, analalamika mafuta yanaisha isivyoeleweka, akaniuliza kama naweza kumfungia kitu cha kumwonyesha injini imeunguruma muda gani huku gari limesimama. Nikamwambia hiyo ndogo tu, nina Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo ka Linux, ipo ipo tu nyumbani, naiwekea moduli ya MCP2515 ya kuiunganisha na CAN, mtandao wa ndani wa gari, nasoma data za gari, natuma kwa laini ya simu. Kazi ya siku moja. Mdomo uliponza kichwa.

Kwa wasioijua CAN, ni nyaya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L, ambazo kompyuta zote za gari zinaongelea humo humo, injini, gia, breki, dashibodi. Bosch waliileta 1986. Uzuri ni kwamba Linux inaichukulia kama kadi ya mtandao, yani badala ya eth0 unakuta can0 na unaiwasha na amri ya ip link kama kawaida. Semi nyingi zinatumia J1939, lugha ya magari makubwa juu ya CAN, kwa spidi ya biti 250000 kwa sekunde, nikaiweka hiyo, can0 ikawaka bila kelele, nikafungua candump, programu ya kuonyesha kila ujumbe unaopita... kimya. Hakuna hata mstari mmoja.

Nikaanza kushuku nyaya. Tuko yadi ya Kizota, jua la saa saba, vumbi hadi kwenye kiibodi, nikazima gari nikapima na mita kati ya zile nyaya mbili nikapata omu 40. Inatakiwa 60, maana kuna resista ya 120 kila mwisho wa laini na mbili kwa pamoja zinatoa 60. Kumbe moduli yangu nayo ilikuja na ya kwake ya tatu, kuna kajampa kadogo, ukikatoa inarudi 60. Nikakatoa, nikajua nimemaliza. Wapi.

Sasa hapa ndo nilifanya ujinga. Niliandika kascript kwamba ikiona hakuna data basi izime can0 na kuiwasha tena, kila sekunde, nikaona nina akili sana. Dereva yuko kwenye usukani injini inaunguruma, ghafla naskia "we dogo, umelifanya nini gari langu?" Nachungulia dashibodi, taa za onyo zimewaka kibao. Nilichomoa plagi mpaka nikajikata kidole.

Usiku ndo nikaelewa. Kifaa chenye spidi isiyo sahihi kinaona kila ujumbe ni kosa, na kikiona kosa kinawaharibia wenzake ule ujumbe makusudi ili wote waujue. Hesabu yake ya makosa ikivuka 127 kinaacha kuwasumbua wenzake, kwa hiyo kwa kawaida fujo ni ya muda mfupi mno, ila kascript kangu kalikuwa kanarudisha hesabu sifuri kila sekunde, fujo inaanza upya. Toka siku hiyo gari la mtu naligusa na listen-only on kwanza, kinasikiliza tu hakiongei.

Na spidi yenyewe mbona niliandika 250000? Nikachukua tochi ya simu nikamulika kale kakristali ka chuma kwenye moduli, ndo kanakopiga mapigo ya saa yake, kameandikwa 8.000, yani megahezi 8. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, mimi nimekopi mstari wa mtu ukiwa na oscillator=16000000, yani megahezi 16, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinaenda nusu, 125000. Siku tatu aisee! Nikabadili nikaweka 8000000, nikariboot.

Kesho yake candump ilimwaga mistari hadi nikacheka peke yangu. Niliutafuta ujumbe wenye namba 0CF00400, ndo wenye mzunguko wa injini, baiti ya nne ikasoma 50 na ya tano 14, unaanza na ya tano inakuwa 1450 ya heksa, yani 5200, zidisha kwa 0.125 unapata mizunguko 650 kwa dakika. Dereva akaangalia mshale wake, akasema ndo hapo hapo.

Halafu akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo nikilala Morogoro injini inaunguruma, kiyoyozi kinapuliza, bosi anaona?"

Anaona, kaka.

Akawasha sigara akaenda kusimama upande wa pili wa tela.