Nane Nane ya Mbeya: tarehe ya siasa iliyoangukia msimu

Historia ya maonesho ya Nane Nane jijini Mbeya haianzii shambani, inaanzia kwenye siasa. Kwa miaka mingi wakulima wa Tanzania Bara waliadhimisha sikukuu yao tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na enzi za chama kimoja hakuna aliyeshangaa kuona jembe na chama vikisherehekewa pamoja. Baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 jambo hilo likaanza kuleta ukakasi. Ndipo katika miaka hiyo ya 1990 wakulima wakahamishiwa tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na maonesho ya biashara ya Dar es Salaam.

Kwa Nyanda za Juu Kusini tarehe hiyo iliangukia pazuri. Ifikapo Agosti mahindi yamekwisha kuvunwa, mvua za Novemba bado ziko mbali, na mkulima aliyeuza magunia yake ana fedha kidogo na muda wa kuchagua mbegu. Ndiyo maana, kwangu mimi, roho ya maonesho haya ni vipando, yaani mazao yanayopandwa uwanjani ili watu wayaone. Kwa kuwa ni kiangazi, havina budi kupandwa miezi kadhaa kabla na kumwagiliwa, hata mgeni akakuta mahindi mabichi yamebeba ilhali ng'ambo ya uzio yamebaki mabua matupu. Penye kibao cha mahindi ya UH6303 au cha maharage ya Uyole Njano, mbegu zilizotoka kwenye kituo cha utafiti cha jirani hapo Uyole, wakulima hawaulizi maswali mepesi: ekari moja inatoa gunia ngapi bila mbolea ya kukuzia, na punje zinastahimili dumuzi, mdudu mharibifu wa ghalani, kwa muda gani?

Uwanja wenyewe unaitwa John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU aliyempokea Nelson Mandela alipopita Mbeya mwaka 1962, ingawa kwa abiria wengi Nane Nane ni stendi ya mabasi tu. Kwa miaka mingi maonesho yaliendeshwa na Chama cha Wakulima Tanzania, TASO, kabla ya serikali kushika usukani. Mabanda nayo yaliongezeka kadiri kanda ilivyogawanywa: Njombe na Katavi zikawa mikoa mwaka 2012, Songwe mwaka 2016.

Mwaka 2022 kilele cha kitaifa kilifanyika hapo, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku ya mbolea wakati bei ilikuwa imepanda kupita uwezo wa wengi. Hotuba za namna hiyo ndizo zinazojaza uwanja tarehe 8, pamoja na muziki na wauza mabeseni, ambao binafsi naona wamepewa nafasi kubwa mno. Anayetaka kuzungumza na bwana shamba kwa utulivu afike siku za mwanzo, asubuhi, na aje na koti, kwa maana baridi ya Uyole mwezi huo si ya mchezo.