Nani Alitenda Dhambi, Huyu ama Mamake?

Bwana asifiwe wapendwa. Zamu ni yangu wiki hii na nimechelewa kutuma, mnisamehe, stima ilipotea huku kwetu tangu jana jioni na simu ikazima. Somo letu ni Yohana 9 na naomba msome yote, msiishie pale kwa tope na mate, endeleeni hadi mstari wa 38, juu mimi mwenyewe miaka hii yote nilikuwa nafika mahali kipofu anaona nasema haleluya nafunga Biblia, kumbe maneno mazito yako huko mbele.

Hadithi mnaijua. Yesu anapita na anamwona mtu kipofu tangu kuzaliwa. Wanafunzi pia wanamwona, lakini angalieni wanauliza nini. Hawaulizi kama amekula. Wanauliza Rabi, nani alitenda dhambi, huyu ama wazazi wake? Na jamaa ameketi hapo hapo, masikio yake ni mazima kabisa, anasikia anavyojadiliwa kama kondoo aliyeletwa sokoni.

Sasa hilo swali limenishika wiki nzima maana ni letu sisi. Panda matatu jioni, ikwame kwa jam pale Globe, mkono mdogo uingie dirishani na chupa ya gundi imening'inia kwa midomo, wote ndani tunaficha simu tunavuta vioo halafu lazima mmoja aanzishe. Hao baba zao hawajulikani. Mwingine anasema ah hao wako na nyumba, mama yao amekaa pale kona anawatuma. Mwingine, ukiwapa pesa ni gundi wanaenda kununua. Na aliyeokoka kama mimi anaongeza hiyo ni laana ya ukoo. Tukifika Ngara kesi imeshasikizwa, hukumu imetoka, na hakuna aliyetoa hata shilingi kumi. Mwenye makosa akishapatikana roho inatulia, unashuka steji unanunua sukuma wiki unaenda nyumbani.

Hata lile jina chokoraa tunalitamka haraka sana. Linatoka kwa kuchokora, yule anayechokora mapipa ya taka atafute chakula. Yaani mtoto tumempa jina la ile kitu njaa inamfanya afanye.

Wacha niwaambie kitu nilichokiona mwenyewe. Mei 2020 nilikuwa naishi karibu na Kariobangi, si mnakumbuka ile bomoabomoa ya pale kwa suereji, kwa maji taka, wakati wa corona, kafyu saa moja jioni, mvua nayo inanyesha kama imetumwa. Matrekta yalikuja asubuhi na maelfu ya watu wakabaki nje. Kulikuwa na mama mmoja pale ambaye mimi nilikuwa nanunua omena kwake. Jumapili alikuwa na chumba, jiko, biashara, watoto wako shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa, Jumatatu jioni alikuwa amekaa juu ya godoro lililolowa na mabati matatu aliyookoa. Sikumsikia akitenda dhambi yoyote kati ya Jumapili na Jumatatu. Makanisa yalikuwa yamefungwa pia, letu likiwemo, na lina ukumbi mkubwa tu, na sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza ufunguo uko kwa nani. Mimi sikuuliza.

Alirudi ushago kwa bwanake, bwana alikuwa ameshafariki, na mashemeji wakamwambia shamba liligawanywa zamani. Akarudi Nairobi. Kijana wake wa miaka kumi na mbili akaanza kuokota plastiki na vyuma vya kuuza kwa kilo, akapata marafiki, siku zingine anarudi usiku siku zingine harudi. Gundi ilikuja mwisho kabisa, mwezi wa saba, na nyinyi mnajua baridi ya Julai ya hii Nairobi yetu. Gundi inaua njaa na inafanya saruji isiwe baridi sana, hivyo ndivyo walivyomwambia wenzake. Sisi tukimkuta na ile chupa tunasema ndiyo ilimtoa nyumbani. Nyumba ndiyo ilitangulia kuondoka, wapendwa.

Na si ati kila mmoja ametolewa na trekta. Wengine ni landilodi ameng'oa mlango juu ya renti ya miezi miwili. Wengine baba wa kambo anapiga mpaka mtoto anaona lami ni afadhali. Wengine ni mama ameugua, bili ya hospitali ikala biashara, biashara ikala chumba. Serikali yenyewe ilihesabu watu wa mtaani 2018 ikapata zaidi ya 46,000 nchi nzima. Sasa jamani, hizo laana za ukoo elfu arobaini na sita zilikutana wapi?

Hii tabia ya kuona mtu hana mahali na kuanza kumtafutia kosa ni ya zamani sana, iliandikwa mpaka kwa sheria. Waingereza walikuwa na yao ya 1824 ya kushika wazururaji, wakazunguka nayo kwenye makoloni, ndio maana babu zetu walikuwa wanashikwa hapa tauni kwa sababu tu wameonekana hawana kazi wala kwa kulala. Yetu ya uzururaji ilifutwa 1997 lakini Penal Code ikabaki na vifungu vyake, na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema waziwazi kwamba sheria za namna hiyo zinavunja haki za watu. Mahakimu waliona kile mwanafunzi wa Yesu hakuona, kwamba kukosa kwa kulala si kosa la jinai. Mimi si wakili, nimeuliza tu mtu anayejua.

Rudini kwa Biblia, mstari wa 8. Huyu jamaa amenawa Siloamu anaona, anarudi mtaani kwao, na majirani wanaanza kubishana. Wengine wanasema ndiye. Wengine wanasema la, amefanana naye tu. Yeye amesimama hapo anasema mimi ndiye! Wamepita mbele yake miaka, wengine bila shaka walikuwa wanamtupia sarafu, na uso wake hawaujui. Walijua bakuli.

Hii ilinikuta mimi. Mwaka jana nimepanda matatu ya kuja kanisani, makanga kijana msafi anakataa nauli yangu, ananiambia mathe wewe leo ni bure. Nikauliza tunajuana? Akasema mimi ndiye nilikuwa naangalia gari za watu hapo kwa geti yenu, wewe ulikuwa unanipatia mbao, ile shilingi ishirini. Nikamwangalia tangu kichwa mpaka viatu na wapendwa nawaambia ukweli mbele za Mungu, nikasema moyoni huyu amefanana naye. Miaka mitatu kila Jumapili nilimpa mbao kupitia kioo cha gari nilichofungua kidogo tu, mkono upite, na nilikuwa nairekodi kwa daftari kama sadaka. Jina nililijua siku hiyo kwa matatu. Alinitajia pia la mamake.

Halafu mstari wa 34. Wale wakubwa wa dini jamaa amewashinda kwa maneno (na anawachokoza, mstari wa 27 anawauliza ama nyinyi pia mnataka kuwa wanafunzi wake, mimi hucheka hapo kila mara), basi wanarudi kwa lile swali la kwanza na wanalijibu wenyewe, wewe ulizaliwa katika dhambi tupu. Wakamtoa nje. Ndiyo njia yetu hadi leo. Mnakumbuka ile habari ya Februari 2019, watu wa mtaani wa Nakuru, watoto wakiwemo, walibebwa usiku wakamwagwa huko Baringo karibu na msitu, na ilisumbua nchi wiki moja mbili hivi tukasahau. Mgeni mkubwa akija mjini, kanjo, wale askari wa kaunti, wanapita na lori. Tunaita kusafisha mji.

Mstari wa 35 unasema Yesu akasikia kwamba wamemtoa nje. Akamtafuta mpaka akampata. Nimesoma hapo mara nyingi wiki hii, kwamba huyu mtu alimsikia Yesu kabla hajamwona, hata alipoponywa hakuona uso wake juu alitumwa akanawe huko mbali. Mara ya kwanza kumwona Yesu kwa macho ilikuwa huko nje, baada ya kufukuzwa na watu wa dini.

Sasa niseme kilichonifanya nichague hili somo. Wengine wenu mnajua niko kwa kamati ya maendeleo. Mwezi uliopita tulipitisha askari wa geti awaondoe vijana wote wa pale nje kabla ya ibada ya pili, juu wageni walikuwa wanalalamika, na pia tukapitisha bajeti ya kuweka vyuma vyenye ncha juu ya ile ngazi ya saruji wanayolala usiku. Kura ilipigwa kwa kuinua mikono na wangu ulikuwa juu. Fundi bado hajalipwa depositi. Kamati inakaa tena Alhamisi saa kumi na moja na nusu, nimeomba hilo jambo lirudishwe kwa ajenda na mwenyekiti amesema kama kutakuwa na muda. Nimetafuta pia ufunguo wa ule ukumbi uko kwa nani. Uko kwangu, nilikabidhiwa na aliyenitangulia, umekaa kwa droo ya jikoni pamoja na mishumaa.

Niombeeni Alhamisi. Mimi huogopa kuongea mbele ya wazee.