Bibi na chui wake

Alhamisi usiku umeme ulikatika mtaani Kuze, Mombasa, na kompyuta yangu ilikuwa imebakiwa na chaji ya saa moja na ushei. Bibi alishajilaza mkekani, leso kajitanda kichwani. "Niwekee ile ya chui," akasema.

Ile ya chui ni Bringing Up Baby, filamu ya 1938. Humo Cary Grant ni mtaalamu wa mifupa ya dinosaria, amebakisha mfupa mmoja tu kiunzi chake kikamilike. Katharine Hepburn ana chui mpole aliyetumiwa na kakake kutoka Brazil (chui, Brazil? Haya, tusichunguze). Mbwa anauiba ule mfupa na kuufukia, na kabla ya hapo bwana wa watu keshavaa gauni la kike. Hapo Bibi hunishika mkono kila mara: "Mtazame! Si nilikwambia atamvunjia heshima?"

Chui naye hutulia akiimbiwa. Hilo Bibi halikubali. "Mamako hakulala kwa wimbo hata siku moja, sembuse chui."

Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Ya chui naimudu. Iliyonishinda ni His Girl Friday, ya 1940: mhariri wa gazeti na mwandishi aliyekuwa mkewe wanajibizana, huyu hajamaliza yule kaanza. Mimi bado nahangaika na jibu la kwanza, wao wako la sita. Bibi akanikata: "Hebu nyamaza, nasikia. Bado yuampenda."

"Umejuaje?"

"Mtu humtaki, utajisumbua kumjibu hivyo?"

Kuanzia 1934 Hollywood ilibana kanuni zake za maadili, na mambo ya kitandani yakawa hayaonyeshwi. Mapenzi yakahamia mdomoni. Sasa Bibi, aliyekulia kwenye mipasho ya taarabu, atafsiriwe nini tena? Filamu za siku hizi, watu wakitazamana dakika nzima fidla zikilia, yeye husinzia.

Ya chui hatujawahi kuimaliza: ama umeme, ama usingizi. Safari hii chaji iliisha chui wa pili, yule mkali wa sarakasi, keshatoroka. Ikabidi nimhadithie gizani: msichana anamvuta kwa kamba huyo mkali, anamburura mpaka kituo cha polisi.

"Ajua kama ndiye yule mkali?"

"Hajui, Bibi."

Akacheka peke yake mpaka akapaliwa.